Ua la Miiba Mlangoni, Vumbi Majanini



Ukitembea katika kartie zetu hapa Kolwezi, iwe Dilala au Manika, mbele ya nyumba nyingi utaliona. Limepandwa katika mkebe wa maziwa, katika ndoo iliyopasuka, au katika sufuria ambayo haiwezi tena kupikia bukari. Lina miiba kuanzia chini mpaka juu, na kwenye ncha za matawi kuna maua mekundu. Wengi tunaliita taji la Kristo, wengine taji la miiba. Kati ya jirani na jirani halina bei: unaomba tawi, unapewa, na mwaka unaofuata mwingine anakuja kuomba kwako. Aliye na lile la maua ya njano au meupe, huyo hapumziki kwa wageni.

Juma hili tunaandika juu ya ua hilo, na juu ya jambo ambalo lilituonyesha wakati wa kiangazi.

Kwao ni Madagaska. Jina lake la kitaalamu ni Euphorbia milii, na hilo neno la pili limetoka kwa Milius, aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Yeye ndiye aliyelifikisha Ufaransa mwaka 1821. Basi hata ua letu la mlangoni lina jina la gavana! Huko Thailand wanalithamini sana. Wamezalisha aina zenye maua makubwa, na wengi wanaamini kwamba kishada chenye maua 8 huleta bahati nyumbani.

Kulitunza si kazi kubwa. Kata tawi, uliache kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, kisha ulipande katika udongo uliochanganywa na mchanga, katika chombo kilichotobolewa chini. Liweke penye jua. Mwagilia udongo ukishakauka tu, kwa sababu maji mengi yanaozesha mizizi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa baridi, lisogeze karibu na ukuta au liingize ndani. Na usichukue udongo wa kupandia kwenye marundo ya mgodi wala kwenye udongo uliotolewa mashimoni, maana mikono yako na ya watoto itaushika kila siku.

Jambo moja ni la hatari: ule utomvu mweupe kama maziwa. Unawasha ngozi, ukiingia machoni unaumiza vibaya, na mtoto akitafuna jani anaweza kutapika. Vaa glavu ukikata matawi, kisha unawe kwa sabuni. Ukimwingia mtoto jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, halafu mpeleke kituo cha afya. Penye mtoto anayetambaa, liweke juu.

Sasa tuje kwenye vumbi.

Mama mmoja wa kikundi chetu anakaa kando ya barabara ya malori ya mgodi. Ua lake ni zuri kuliko yetu yote, na kila Jumamosi alikuwa analifuta jani kwa jani kwa kitambaa chenye maji. Mwezi wa nane mtoto wake wa mwisho alishikwa na kikohozi kisichoisha. Mama akawa anakwenda na kurudi kituo cha afya, na kwa majuma matatu hakugusa ua. Tulipokwenda kumwona mgonjwa tulilikuta lina rangi ya udongo mtupu, huwezi kujua kama jani ni la kijani. Yeye akatuambia: “Ua nitalifuta. Kifua cha mtoto nitakifuta na nini?”

Hatukuwa na jibu. Lakini wataalamu wamekwisha kulichunguza vumbi hili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti walioufanya hapa kwetu Kasulo, kartie ambayo watu walichimba kobalti hadi ndani ya nyanja na nyumba zao. Waliwapima wakaaji damu na mkojo. Waliwakuta na kobalti nyingi kuliko watu wa kartie isiyochimbwa, na waliozidi wote ni watoto. Mtoto anacheza chini, anatia vidole mdomoni, anavuta pumzi karibu na ardhi.

Manung'uniko hayakosi Kolwezi. Yako sokoni kwenye meza za sombe, yako kwenye foleni ya maji, yako hata baada ya misa. Jimbo letu la Lualaba lilizaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, na tuliambiwa serikali itakuwa karibu na raia. Shaba na kobalti zinapita mbele ya milango yetu mchana na usiku. Sisi tunabaki na barabara na vumbi lake. Maneno haya tumeyasema miaka mingi, lakini tuliyasema wenyewe kwa wenyewe.

Safari hii tulikwenda wamama 12 kwenye ofisi inayohusika, na mwenzetu akabeba ua lake kichwani, bila kulifuta. Akaliweka mezani. Yule mkubwa aliyetupokea alipitisha kidole juu ya jani moja, akakitazama kidole chake, akanyamaza kidogo. Juma lililofuata gari la maji lilianza kupita asubuhi na jioni. Tukaimba. Lilipita siku tisa, kisha halikuonekana tena. Tulipouliza, tuliambiwa mafuta yamekosekana.

Hapo ndipo tuligundua kosa letu. Tulikwenda kuomba wema, na wema huisha pamoja na mafuta. Tukamtafuta kijana wetu mmoja aliyesomea sheria, akakaa nasi Jumamosi mbili na kutusomea Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018. Haya ndiyo tuliyoyaandika katika daftari letu:

Ada ambayo kampuni inalipa kwa madini inayouza inagawanywa mara nne. Asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ni ya jimbo, 15 ni ya miji, komuni, sekta na maeneo ya machifu ambako mgodi uko, na 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo.

Mbali na ada hiyo, kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na mgodi. Fedha hizo zinasimamiwa na chombo ambacho wajumbe wa wakaaji wana viti ndani yake.

Tena, kampuni inapaswa kuwa na daftari la ahadi, linaloitwa cahier des charges, lililokubaliwa pamoja na wakaaji: shule, kisima, zahanati, barabara. Kilichoandikwa humo kinaweza kudaiwa.

Tulirudi ofisini na barua yenye maswali manne. Ni kampuni gani zinazotumia barabara ile? Daftari la ahadi la kila moja liko wapi, na je, kumwagia barabara maji kumeandikwa ndani? Wajumbe wa wakaaji ni akina nani, na wanawake ni wangapi? Sehemu ya komuni katika ile asilimia 15 imefanya kazi gani mwaka huu? Tulidai mhuri wa kupokelewa juu ya nakala yetu, tukaupata. Mpaka tunapoandika, jibu halijafika. Nakala iko kwa mtunza hazina wetu, na tarehe ya kurudi imewekwa.

Mtoto wa mwenzetu amepata nafuu. Mvua za kwanza zimelisafisha ua, na limetoa maua tena. Lakini kiangazi kitarudi, na malori hayajapumzika hata siku moja.

Kwa hiyo vikundi vyote tunawaomba hivi. Wakati wa kiangazi, chagueni ua moja karibu na barabara, msilifute kwa mwezi mzima, na mwandike tarehe. Andikeni pia watoto wangapi wamekohoa katika mwezi huo. Kisha njooni na daftari lenu, tuliunganishe na letu. Ndani ya nyumba, futeni vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia pakavu, funikeni maji ya kunywa, na nawisheni watoto mikono kabla ya kula.

Na anayetaka tawi la yale maua ya njano, aje Jumamosi baada ya likelemba. Aje na mkebe wake.