Mshauri wa Sheria Asiye na Kura: Nafasi Yake katika Mashauri ya Nidhamu ya Wahasibu (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilifuatilia safari ya lalamiko dhidi ya mhasibu tangu linapopokelewa na chama chake hadi inapoamuliwa kwamba kuna hoja ya kujibu mbele ya kamati ya nidhamu. Sehemu hii inaingia katika chumba cha kusikilizia shauri na kumtazama mtu ambaye jina lake huandikwa katika kila uamuzi lakini ambaye wahasibu wengi hawajui hasa kazi yake, yaani mshauri wa sheria. Huyu si hakimu, si wakili wa chama wala si wakili wa mhasibu anayetuhumiwa, na kura hana. Hata hivyo maneno machache anayoyatamka kabla kamati haijajitenga kutafakari yanaweza kuamua kama uamuzi utakaotolewa utasimama au utatenguliwa katika rufaa.

Mfano utakaotumika hapa ni wa ACCA, chama cha wahasibu kilichoanzishwa London mwaka 1904 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1974, kwa sababu maamuzi yake ya nidhamu huchapishwa yakiwa na sababu zake, na pia kwa sababu wanachama na wanafunzi wake walioko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hufungwa na kanuni zilezile na husimama mbele ya kamati zilezile kama wenzao wa Manchester. Kamati ya Nidhamu ya chama hicho kwa kawaida huketi na watu 3, na walio wengi kati yao si wahasibu, kwa kuwa nia ya mpango huo ni umma usidhani kwamba wanataaluma wanalindana. Watu hao ndio waamuzi wa kila kitu: wao huamua ukweli wa tuhuma, huamua kama tendo lililothibitishwa ni utovu wa nidhamu, na wao hupanga adhabu. Kando yao huketi mshauri wa sheria, mwanasheria mzoefu asiye mtumishi wa upande unaoleta mashtaka, ambaye kazi yake ni kuwaeleza sheria inataka nini katika kila hatua na kuangalia kwamba utaratibu unafuatwa kwa haki.

Msomaji wa Tanzania anayewakumbuka wazee wa baraza wa Mahakama Kuu atagundua kwamba hapa mpangilio umegeuzwa. Kule jaji, ambaye ni mwanasheria, huweza kuketi na raia wanaompa maoni yasiyomfunga. Hapa raia ndio waamuzi, na mwanasheria ndiye anayetoa maoni. Maoni hayo nayo hayaifungi kamati moja kwa moja, ila kamati inayoyakataa inapaswa kueleza kwa nini, na ni nadra kamati kuthubutu kufanya hivyo bila sababu nzito.

Hatari iliyomo katika nafasi kama hiyo ilitambuliwa mapema katika sheria ya Uingereza, na haikuanzia kwa wahasibu. Katika shauri la McCarthy dhidi ya mahakimu wa Sussex, lililoripotiwa mwaka 1924, mwendesha pikipiki alikuwa ametiwa hatiani kwa kuendesha kwa namna ya hatari baada ya kugongana na chombo kingine. Mahakimu walipoondoka kwenda kutafakari, karani wao wa sheria aliondoka pamoja nao, naye alikuwa wa ofisi ya mawakili iliyokuwa ikimwakilisha mhusika mwingine wa ajali ileile katika madai ya fidia. Mahakimu waliapa kwamba hawakumwuliza neno, na hakuna aliyewakanusha. Lakini Jaji Mkuu Hewart aliifuta hatia hiyo, kwa msingi kwamba haitoshi haki kutendeka bila watu kuiona ikitendeka waziwazi. Kinachopaswa kuzingatiwa ni kwamba karani yule hakusema lolote. Kuwepo kwake tu nyuma ya mlango uliofungwa kulitosha.

Kutoka hapo sheria ilikua polepole, na kwa sehemu kubwa ilikua kupitia mashauri ya madaktari, kwa sababu rufaa zao zilikuwa zikienda moja kwa moja katika Baraza la Faragha, chombo kilichokuwa pia mahakama ya mwisho ya makoloni mengi. Mwaka 1960, katika shauri la Fox dhidi ya Baraza Kuu la Madaktari, iliamuliwa kwamba ushauri wa mwanasheria wa kamati haulingani na maelekezo ambayo jaji huwapa wajumbe wa baraza la mahakama, kwa kuwa kamati yenyewe ndiyo mwamuzi wa sheria na wa ukweli kwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba kosa la mshauri peke yake haliangushi uamuzi. Linalotazamwa ni kama kosa hilo lilikuwa na uzito wa kutosha kuathiri matokeo. Kanuni hiyo ina mantiki, lakini iliacha pengo kubwa, maana mtu hawezi kuonyesha kwamba kosa liliathiri matokeo ikiwa hajui mshauri alisema nini.

Pengo hilo lilizibwa miaka 40 baadaye. Katika shauri la Nwabueze la mwaka 2000, ambamo mshauri alikuwa ametoa ushauri kamati ikiwa faraghani na pande zote mbili zikasomewa baada tu ya uamuzi kufikiwa, Baraza la Faragha lilisema kwamba haki inataka pande zote zipewe nafasi ya kuuzungumzia ushauri huo wakati bado unaweza kurekebishwa. Mwaka 2003, katika shauri la Clark dhidi ya Kelly lililotoka Scotland, msimamo huo ulikamilishwa kwa njia ya busara: ushauri wowote ambao karani wa sheria anautoa faraghani uchukuliwe kuwa wa muda tu, hadi utakaporudiwa mbele ya pande zote na wao kupata fursa ya kuukosoa. Hapa ndipo ulipo uti wa mgongo wa jambo zima. Mshauri asiye na kura anaruhusiwa kuwa na ushawishi mkubwa kwa sharti moja, kwamba ushawishi huo usikike na kila mtu ambaye unamhusu.

Ili kuona ushawishi huo unavyofanya kazi, inafaa kuchukua aina moja ya mashauri ambayo yamejitokeza mara nyingi katika miaka ya karibuni. Mtu aliyefaulu mitihani ya ACCA hapewi uanachama mpaka aonyeshe miezi 36 ya uzoefu wa kazi na kutimiza malengo 9 ya utendaji, na kwa kila lengo hutakiwa kuandika maelezo kwa maneno yake mwenyewe, ambayo msimamizi aliye mhasibu kamili na anayeijua kazi yake huyathibitisha. Chama kimegundua kwamba waombaji wengi waliwasilisha maelezo yanayofanana neno kwa neno na ya wengine, na kwamba baadhi ya watu waliotajwa kuwa wasimamizi hawakuwahi kuwasimamia. Mashtaka katika mashauri hayo huandikwa kwa ngazi: kwanza kwamba mhusika hakuwa mwaminifu, kama si hivyo, kwamba alikosa uadilifu, na kama hilo nalo halikuthibitika, kwamba alitenda kwa uzembe uliopindukia, bila kujali kama maelezo aliyoyapeleka ni ya kweli.

Mjumbe asiye mwanasheria akiweka kurasa mbili zinazofanana kandokando atavutwa kusema kwamba shauri limekwisha. Ni hapo mshauri wa sheria anapoingia. Kwanza huikumbusha kamati kwamba mzigo wa kuthibitisha uko juu ya chama tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mhasibu halazimiki kuthibitisha kutokuwa na hatia. Pili hueleza kiwango cha uthibitisho, yaani kipimo cha uhakika kinachotakiwa, ambacho hapa ni kile cha mashauri ya madai: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea? Tangu uamuzi wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wa mwaka 2008 katika shauri linalojulikana kama Re B, mshauri hawezi kuiambia kamati kwamba tuhuma nzito inadai kipimo kikali zaidi. Kipimo ni kimoja, ingawa kamati inaruhusiwa kuzingatia kwamba mtu aliyeishi miaka mingi bila doa si mwepesi wa kudanganya.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, hueleza maana ya kutokuwa mwaminifu. Kipimo kinachotumika leo kilitokana na meza ya kamari. Phil Ivey, mcheza karata mashuhuri, alidai zaidi ya pauni milioni 7 alizoshinda mwaka 2012 katika klabu ya Crockfords jijini London, naye mwenye klabu akakataa kumlipa kwa kuwa ushindi ulitokana na hila ya kuzitambua karata kwa tofauti ndogo za migongo yake. Mahakama ya Juu ilipoamua shauri hilo mwaka 2017 ilieleza kwamba mwamuzi aanze kwa kutafuta mhusika alijua nini na aliamini nini kwa kweli kuhusu mambo yalivyokuwa, hata kama imani yake haikuwa ya busara, kisha ndipo aulize kama watu wa kawaida waaminifu wangeliona tendo hilo, katika hali hiyo ya ufahamu, kuwa si la uaminifu. Hakuna tena haja ya kuthibitisha kwamba mhusika mwenyewe alitambua kuwa wengine wangelilaani tendo lake.

Tofauti ya hatua hizo mbili ndiyo inayoweza kumwokoa mtu au kumwangamiza. Mwombaji aliyepewa mfano na rafiki akaamini kwamba unaruhusiwa kutumiwa kama ulivyo hasimami mahali pamoja na yule aliyelipia maelezo yaliyoandikwa na mtu mwingine, ijapokuwa karatasi zao zinalingana. Kamati inayoruka hatua ya kwanza itawatupa wote wawili katika kapu moja, na kwa kuwa kutokuwa mwaminifu mara nyingi huishia katika kufukuzwa uanachama, kosa hilo haliwezi kuitwa dogo.

Umuhimu wa mshauri huongezeka pale ambapo kiti cha mhasibu ni kitupu. Katika mashauri mengi ya ACCA, ambayo sasa husikilizwa kwa njia ya video, mhusika hayupo wala hana wakili. Mshauri huiongoza kamati kuangalia kwanza kama taarifa ya shauri ilipelekwa katika anwani ya baruapepe iliyosajiliwa, na kama ilitangulia kwa siku zinazotakiwa na kanuni, ambazo kwa kawaida ni 28. Kisha huieleza kwamba uwezo wa kuendelea bila mhusika unapaswa kutumiwa kwa uangalifu mkubwa, ila kwamba Mahakama ya Rufani katika shauri la daktari Adeogba, mwaka 2016, ilisisitiza wajibu wa mwanataaluma kuwasiliana na chombo kinachomsimamia. Mwanachama wa Mwanza aliyebadilisha baruapepe bila kukiarifu chama anaweza kupoteza cheti chake akiwa hana habari. Katika kikao cha namna hiyo hakuna anayepinga ushahidi wa kuambiwa, yaani maneno ya shahidi asiyefika kuhojiwa, isipokuwa mshauri wa sheria atakapoitahadharisha kamati kuhusu uzito mdogo unaostahili kupewa. Hamtetei asiyekuwepo, na hapaswi kumtetea; anachofanya ni kuhakikisha kwamba ukimya wake haugeuzwi kuwa ushahidi.

Swali ambalo bado linawasumbua wengi ni la chumba cha faragha. Mshauri huingia humo pamoja na kamati, na mara nyingi huisaidia kuandika sababu za uamuzi. Mwaka 2010, katika shauri la Virdi dhidi ya Chama cha Wanasheria, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba karani wa baraza la nidhamu la mawakili kujitenga na wajumbe na kuwasaidia kuandika hakuonyeshi upendeleo machoni pa mtazamaji mwadilifu anayeujua utaratibu. Uamuzi huo unatetewa kwa hoja nzuri, ila unadai nidhamu kali kwa mshauri mwenyewe, kwa kuwa anayechagua maneno ya sababu anakaribia sana kuchagua sababu zenyewe, na kamati iliyochoka jioni huenda ikaridhika na sentensi nzuri badala ya fikra yake.

Baraza linalosikiliza mashauri ya madaktari lilichukua njia nyingine tangu mwishoni mwa mwaka 2015, ya kuwa na wenyeviti wenye elimu ya sheria, wanaofanya kazi ya mshauri wakiwa pia na kura. Njia hiyo hupunguza gharama na huharakisha vikao. Hata hivyo, mwenyekiti anayetoa ushauri kisha akapiga kura hubeba uzito maradufu mbele ya wenzake wawili, na kwa taaluma ya uhasibu, ambayo tuhuma zake zimejaa masuala ya nia na uaminifu, utaratibu wa mshauri asiye na kura unaelekea kuwa salama zaidi.

Kwa Afrika Mashariki msingi wa haki hizi haukosekani. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, na Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, pamoja na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza, inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki na utolewe kwa sababu zilizoandikwa. Mhasibu anayeitwa mbele ya kamati yoyote inayoongozwa na mshauri wa sheria, iwe ya London au ya karibu zaidi, anapaswa basi kuusikiliza ushauri huo kalamu ikiwa mkononi na kusema papo hapo pale anapoona umekosea au umepungukiwa, kwa kuwa pingamizi lililoingia katika kumbukumbu za shauri ndilo linalofanya kazi baadaye, na chini ya kanuni za ACCA muda wa kuomba ruhusa ya rufaa ni siku 21 tu tangu sababu za maandishi zinapokabidhiwa.