Oili chafu ina wenyewe

Pikipiki ya bodaboda hubeba oili lita moja au zaidi kidogo tu, lakini lita hiyo ina mzigo mkubwa. Inalainisha pistoni na gia, na klachi nayo imelowa humo humo. Ndiyo maana oili ya gari haifai kumiminwa ovyo kwenye Boxer au TVS: baadhi ina dawa za kupunguza msuguano, na klachi huanza kuteleza. Chupa inayotakiwa ni yenye alama ya JASO MA, ingawa kijiweni watu huuliza 20W-50, kisha bei.

Dereva anayeshinda barabarani Dar es Salaam humwaga oili kila baada ya wiki mbili hivi. Mwenye mkataba mara nyingi huvuta siku, maana hesabu ya bosi haisubiri, na atakuja kuzilipia siku hizo kwa ringi na pistoni.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Injini ikiwa bado ya moto, fundi anafungua nati ya chini na oili inashuka, nyeusi ti, kwenye dumu lililokatwa ubavu. Ukinunua oili kwake, mara nyingi ufundi hautozwi. Anakula kwenye chupa aliyokuuzia, na anakula tena kwenye hilo dumu.

Tupige hesabu. Fundi mwenye wateja 40 wa kudumu, kila mmoja akimwaga lita moja kwa wiki mbili, anajaza dumu la lita 20 kila wiki. Wanunuzi wapo: wenye chensoo huitia kwenye mnyororo, mafundi ujenzi hupaka mbao za kumwagia zege zising'ang'anie, wengine hupaka nguzo kuzuia mchwa. Wanaochukua kwa mapipa ni wenye matanuri, maana oili chafu inawaka vizuri na ni nafuu kuliko dizeli. Mnunuzi mzoefu hakubali dumu kwa macho. Anadondosha tone kwenye ekzosi ya moto. Likichachatika, oili ina maji na bei inashuka.

Sheria inaitazama bidhaa hii kwa jicho jingine. Mkataba wa Basel wa 1989 unaihesabu kuwa taka hatarishi, na kwa Tanzania, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, anayekusanya au kusafirisha taka za aina hiyo anatakiwa awe na kibali. Sababu ipo: ndani yake kuna chembe za chuma zilizosagika na kemikali za mwako zinazohusishwa na saratani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inasema galoni moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi.

Tatizo ni kwamba kibali kimekaa upande wa lori, na oili iko upande wa dumu. Mwenye lori hawezi kuzunguka vichochoro vya Mbagala kufuata lita 20, kwa hiyo fundi anamuuzia aliye karibu, mwenye fedha mkononi. Kumtisha kwa faini hakutabadilisha hesabu hiyo. Pipa la pamoja kwenye kijiwe, lenye mnunuzi mwenye kibali anayelipa bei ileile ya jirani, lingeibadilisha. Malighafi ina thamani ya kutosha: kwa takwimu za EPA hiyohiyo, galoni moja ya oili chafu ikisafishwa kiwandani hutoa oili mpya sawa na inayopatikana kwenye galoni 42 za mafuta ghafi.

Kiwandani, nimesema. Kuna usafishaji mwingine, wa kuchuja kwa kitambaa na kujaza kwenye chupa zilizookotwa, ambao huirudisha oili ileile kwenye injini ya mtu. Dereva mjanja hutoboa chupa yake kabla ya kuitupa.

Kigali wamechukua njia nyingine: tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa huko ni za umeme tu. Hizo hazina oili ya injini, wala dumu la kumlipa fundi.