MRI: Kwa nini kupooza kidogo tu kunakula umeme mwingi hivi?

Ukiingia chumba cha MRI unasikia mlio, chwi... chwi... chwi, hata kabla kipimo hakijaanza. Huo ni mtambo wa kupooza. Unafanya kazi usiku na mchana, hata kama hakuna mgonjwa.

Sisi wa Bukoba na Muleba jambo hili linatugusa. Rufaa kubwa ikitoka, mtu anapanda meli au basi kwenda Bugando, Mwanza, na wengine hufika hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Ukifika kokote ukaambiwa mashine imezimwa, nauli na siku zako zimekwenda bure.

Kinachopoozwa ni nini?

Ndani ya MRI kuna sumaku kubwa ya nyaya. Nyaya hizo hupitisha umeme bila kupoteza chochote, ila kwa sharti moja: ziwe kwenye baridi ya nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Wanasayansi huiita kelvini 4, yaani nyuzi 4 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Kwenye mashine nyingi nyaya hizo zimezama ndani ya heliamu ya kimiminika, lita 1,500 hivi.

Shida ni kwamba joto la nje halikosi pa kupenya. Wati 1 tu ya joto ikiingia, inachemsha karibu lita 1.4 za heliamu kila saa. Na heliamu ni gesi ghali, ikipotelea hewani ndiyo basi.

Sasa sikia hesabu. Mtambo unaoondoa wati 1 hadi 1.5 kwenye baridi hiyo hula karibu kilowati 7 za umeme. Hizo ni uniti 168 kwa siku! Kwa kanuni za fizikia, wati 70 zingetosha kuondoa wati 1. Maana yake, katika kila uniti 100, ni moja hivi tu inayofanya kazi yenyewe. Mkoa kama Kagera, uliotegemea umeme wa Uganda kwa miaka mingi, unajua uzito wa hesabu hiyo.

Rijenereta, si jenereta

Sehemu kubwa ya upotevu huo iko kwenye kifaa kinachoitwa rijenereta. Usichanganye na jenereta ya umeme. Hili ni bomba lililojazwa chembe za madini, ndogo kuliko punje za ulezi.

Gesi ya heliamu inasukumwa na kompresa, inapita kati ya chembe hizo na kuziachia joto lake. Ikifika mwisho inatanuka, inapoa, inachukua joto la sumaku. Ikirudi, inapita kwenye chembe zilezile na kulibeba tena joto iliyoliacha. Hivyo hivyo, karibu mara moja kila sekunde.

Bukoba mvua haiishi, kwa hiyo mfano ni rahisi. Mgeni anaacha mwamvuli barazani akiingia, anauchukua akitoka. Baraza likiwa dogo, wageni wataingia na miamvuli yao na sebule italowa. Rijenereta ndiyo baraza. Sebule ni sumaku.

Baraza linapungua

Zamani chembe hizo zilikuwa za madini ya risasi. Yalifaa mpaka karibu kelvini 10. Chini ya hapo, risasi na metali nyingine za kawaida hupoteza karibu uwezo wote wa kutunza joto. Wakati huohuo, heliamu yenyewe ikiwa kwenye mgandamizo inabeba joto jingi. Wageni wengi, baraza dogo!

Suluhisho lilipatikana Japani, kuelekea miaka ya 1990, kwa michanganyiko kama erbiamu na nikeli. Atomu zake ni kama sumaku ndogondogo. Baridi ikifika kiwango fulani zinajipanga, kama wanafunzi kengele ikilia. Zikijipanga zinatoa joto, zikitawanyika zinameza joto. Kwa hiyo zinaweza kutunza joto palepale risasi inaposhindwa.

Baadaye ukaja mchanganyiko wa holimiamu na shaba, kisha kauri yenye gadoliniamu, ambayo nguvu yake iko karibu na kelvini 5.

Kazi inayoendelea

Leo wahandisi hupanga tabaka: risasi upande wenye joto zaidi, holimiamu katikati, gadoliniamu mwisho. Kila tabaka liko pale linapofanya vizuri.

Bado kuna kuvutana. Chembe zikiwa ndogo zaidi, hubadilishana joto haraka, lakini gesi inapita kwa shida na kompresa inalemewa. Zikiwa kubwa, gesi inapita vizuri lakini joto halishikwi lote. Na zikilegea, gesi inakimbilia kwenye mianya.

Ndiyo maana maboresho huja kidogo kidogo. Lakini ukiongeza robo ya wati tu ya upoozaji kwa umeme uleule, umeokoa uwezo wa kuzuia lita 8 hivi za heliamu zisichemke kwa siku.

Tanzania tuna heliamu yetu bonde la Rukwa, iliyotangazwa mwaka 2016. Kuichimba ni hatua. Lakini hospitali itakayomudu MRI ni ile isiyolazimika kuinunua gesi hiyo kila mara, wala kulipa uniti 168 kila siku kwa ajili ya wati moja.