Taka za Jikoni Mwetu na Maji ya Hori la Tudor

Aliyewahi kusimama ukingoni mwa hori la Tudor wakati maji yamekupwa ameviona: chupa, ndara, vifuniko, na nepi za kutupa zilizonasa katika mizizi ya mikoko. Ni rahisi kusema kwamba taka hizo zimeletwa na bahari. Lakini nepi haisafiri kutoka ng'ambo. Imetoka katika nyumba fulani, ikatupwa mtaroni usiku, na mvua ikaisukuma hadi majini.

Hori hili hukizunguka kisiwa cha Mombasa kwa upande wa kaskazini, na hupokea mito ya Kombeni na Tsalu, inayofurika majira ya masika. Kwa miaka mingi tuta la Makupa lilikuwa limeyabana maji yake yasikutane na yale ya upande wa bandari. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya ili mkondo upate kupita. Jaa la Kibarani nalo, ambalo msafiri alilijua kwa harufu kabla ya kuliona, lilifungwa. Hayo yamefanywa na serikali. Yaliyobaki yako milangoni petu.

Wako wanaouliza plastiki yadhuru nini matopeni. Mti wa mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza juu ya tope mithili ya penseli. Vikifunikwa na plastiki, mti hukosa hewa, na mwisho hufa. Katika mikoko hiyo ndimo wanamokulia kamba, kaa na samaki wachanga. Kwa hivyo mama anayekaanga samaki jioni barazani kwake ana hasara katika kila nepi iliyotupwa.

Tumefunzwa tangu chuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Maji nayo ni njia ya wavuvi.

Hata hivyo, usafi hauanzi majini. Taka ikishazama topeni, kuitoa kwataka mikono mingi, na miguu hukatwa na chaza. Ni nafuu kuizuia mtaroni: wavu mdomoni mwa mtaro, na nyumba zinazopakana nao zipeane zamu za kuuzoa. Wavu usiozolewa huleta mafuriko, basi pasipo zamu heri usiwekwe.

Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inatutaka tutenganishe mabaki ya chakula na taka nyingine. Maganda ya viazi na ndizi ni mbolea. Chupa ngumu zina wanunuzi wa kilo. Tatizo ni nepi, isiyo na mnunuzi. Mimi niandikaye haya nimewalea wanangu wawili kwa nepi za kutupa, nami najua uchovu wa kufua za kitambaa, simlaumu mtu. Mtaani kwetu gari la taka huweza kukosekana wiki mbili, na mfuko unanuka. Lakini kina mama tuna vyama vyetu vya kuchangiana. Chama kinachonunua sufuria kwa zamu chaweza pia kumlipa kijana mwenye mkokoteni, akapita kila nyumba siku maalumu.

Kwa wanaotaka kushuka ufuoni, kalenda ya Hijria yatosha. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani siku za mwanzo wa mwezi na baada ya tarehe 15. Siku hizo maji hujaa sana alfajiri na kupwa sana katikati ya asubuhi, na tope lote huwa wazi. Siku za maji mafu ni kujichosha bure.

Watoto wavae viatu vyenye soli ngumu, na wakubwa glavu. Msing'oe chochote kilichosukwa na mizizi. Kateni plastiki kwa kisu mwache mzizi. Magunia yapandishwe juu kabla maji hayajarudi. Na nepi zitiwe katika gunia lake peke yake, kwani mnunuzi wa plastiki akiiona moja ndani ya chupa hulikataa gunia zima.