Masomo Yakifungwa, Uanzie Wapi Nyumbani?

Masomo yakifungwa, mutoto anafanya nini asubui? Tumeona jambo hilo mara mingi. Mu mwezi wa tatu 2020 masomo yote ya Kongo yalifungwa juu ya Covid. Mu 2021 na mu 2024, fasi mingi waalimu waligoma mwanzo wa mwaka. Na kwetu, mu miji ya mine, karieri haiko mbali. Mutoto anaenda kuosha mawe "siku mbili tu", anaonja feza, na siku masomo inafunguliwa hatamani tena kurudi.

Basi muzazi anasema: nitamufundisha mimi mwenyewe. Ni vizuri sana. Lakini wengi wanafungua kaye zote, jeografia, istoria, siansi, wanamunakilisha mutoto kurasa za Kifaransa zenye haelewi. Kisha wiki moja mutoto analia, mama amechoka. Muache hayo kwanza. Mama mwenye kuuza ku soko ana labda saa moja mangaribi. Saa ile iende ku mambo tatu: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mwenye anajua kusoma, istoria atajisomea mwenyewe.

Kusoma, anzeni na luga ya nyumba. Kiswahili ni moja ya luga ine za taifa, tena kina urahisi mukubwa: vokali ni tano tu, na zinasomwa vile zinaandikwa. Leo ba, be, bi, bo, bu. Kesho ma, me, mi, mo, mu. Halafu unganisha: baba, mama, bibi. Kisha mb, nd, ny, pole pole. Mutoto mwenye kujua silabi anasoma hata neno lenye hajaona bado. Linganisha na Kifaransa: "eau" iko na herufi tatu, na unasikia "o", yenye haimo hata mu neno! Kifaransa kitafuata, ni lazima, juu mitihani iko mu Kifaransa. Lakini mwenye amekwisha kujua kusoma anakiingia bila woga.

Muangalie, mutoto anaweza kukudanganya. Anashika mustari wa Biblia kwa kichwa, anakaza macho ku ukurasa, unafikiri anasoma. Umuonyeshe neno moja la katikati, mengine uyafunike na mukono. Akinyamaza, rudini ku silabi, bila kofi na bila kumucheka.

Kuandika, dikte ya maneno tano kila siku inatosha. Kaye hakuna? Makala ku kipande cha ubao. Unapangusa na kitambaa chenye maji, unaandika tena.

Kuhesabu, tafuteni vifuniko vya chupa, muvipange kumi kumi. Kujumlisha na kutoa kwanza; kuzidisha kutangoja. Kisha mumutume ku duka: uko na franka 5.000, sabuni ni 1.500, chumvi 500, utarudisha ngapi? Ajibu mbele ya kutoka ku mulango. Na bibi akipima unga ku meka, mutoto ahesabu meka ngapi zimeenda na feza ngapi zimeingia. (Ku masomo yetu 70 ni septante, kitabu cha kutoka Ufaransa kitasema ingine. Musimupige mutoto juu ya hiyo.)

Hapa kwetu hesabu ni bukari. Ku depo ya kununua madini, bei inafuata kilo, na inafuata asilimia ya shaba ama kobalti mu mawe. Mwenye hajui asilimia anapokea kile wanamupatia, anashukuru. Mutoto, sheria inamukataza kutumika ku mine. Lakini baba akirudi na karatasi ya depo, kijana wa nyumba akae naye, wahesabu tena pamoja. Tuseme kilo 80, kila kilo franka 1.200: inapaswa kuwa 96.000. Karatasi inasema 69.000? Kesho baba aende kuuliza, na karatasi mukononi.

Siku masomo inafunguliwa, mupelekee mwalimu kaye ama karatasi za dikte, aone mutoto amefikia wapi. Tangu primeri za serikali zilikuwa za bure mu 2019, kalasi zimejaa sana, na mwalimu hana nafasi ya kumujaribu kila mutoto peke yake.