Mrija wa chuma unaoshika biashara ya dawa

Katika maabara ya kupimia dawa, gharama isiyokoma haitokani na mashine kubwa iliyozinduliwa kwa kukatwa utepe. Inatokana na mrija wa chuma cha pua wenye urefu wa sentimita 25 au pungufu, uliojazwa unga mweupe. Wenyewe wanauita kolamu. Humo ndimo paracetamol hutenganishwa na mabaki ya kiwandani, na humo ndimo hujulikana kama kidonge cha malaria kina dawa ya kutosha.

Unga huo ni silika, jamaa wa mchanga wa kawaida, ila umetengenezwa kuwa vitufe vyenye kipenyo cha mikromita tano hivi, kila kimoja kikiwa na vitundu vingi mno. Gramu moja yake inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 300. Silika tupu hupenda maji. Thamani huingia pale mkemia anapoipandikizia minyororo ya kaboni 18, ikageuka kuwa kitu kinachovutana na mafuta. Ukisukuma mchanganyiko humo kwa shinikizo, vinavyopenda maji hutangulia kutoka na vyenye asili ya mafuta huchelewa. Sehemu ambazo minyororo haikufika huzibwa kwa molekuli ndogo zaidi. Uzibaji ukiwa hafifu, dawa kama kwinini hunata, na kilele chake kwenye grafu ya matokeo huvuta mkia mrefu usiopimika vizuri.

Wauzaji wakubwa si wengi: Waters na Agilent za Marekani, Phenomenex iliyonunuliwa na Danaher mwaka 2016, Merck ya Ujerumani, YMC ya Japani. Kwenye karatasi mnunuzi yuko huru, maana vitabu vya viwango vya Marekani huziweka kolamu zote za kaboni 18 katika kundi moja, L1. Maabara haina uhuru huo. Kolamu mbili za L1 kutoka viwanda tofauti zinaweza kutoa majibu tofauti, kwa kuwa usafi wa silika, wingi wa kaboni na ubora wa uzibaji havilingani. Kiwanda cha dawa kilichothibitisha kipimo chake kwa chapa fulani kikitaka kuhama, hurudia majaribio na kuandika upya nyaraka. Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya biashara hii ilipo: mteja amefungwa na faili lake mwenyewe, na bei hupangwa kwa kujua hivyo.

Tani za silika, lakini, haziendi maabara. Zinakwenda kwenye viwanda vya kusafishia insulini na dawa mpya za kisukari na unene, ambako kolamu hujazwa kwa kilo na kilo. Kromasil, inayotengenezwa Bohus nchini Sweden, imejijengea jina huko.

Afrika Mashariki tuko upande wa kununua, na tunanunua kwa sababu nzito. Maabara ya taifa ya Kenya ilitambuliwa na WHO mwaka 2008, na ile ya mamlaka ya dawa ya Tanzania mwaka 2011. Kolamu hizohizo hutumika kupima sumukuvu kwenye mahindi, ambayo kiwango chake cha juu Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani, na vyeti vya maabara vikawa sharti la kuvuka.

Ndiyo maana inaniudhi kuona bajeti zinazotenga fedha za mashine na kusahau kolamu, sawa na kununua jenereta bila dizeli. Sampuli isiyochujwa vizuri huziba kolamu, shinikizo hupanda, na upimaji husimama hadi nyingine iagizwe ng'ambo. Maabara za umma za kanda zingekubaliana chapa chache na kuagiza pamoja, zingeingia kwenye mazungumzo ya bei zikiwa na uzito ambao leo hakuna hata moja iliyo nao peke yake.