Boliti Nne za Ndege

Ndege inapoteremka katika uwanja wa Songea, watoto huacha michezo yao wakainua macho. Hatuna shaka kwamba miongoni mwao wamo wanaojiuliza: je, chombo kama kile hakiwezi kuundwa na mikono yetu?

Swali hilo si la kuchekwa. Mwaka 2010 habari za Bwana Gabriel Nderitu wa Kenya, mtaalamu wa kompyuta, zilienea ulimwenguni kwa sababu ya ndege aliyoiunda mwenyewe na kuitia injini ya gari. Hapa kwetu, fundi mmoja wa Tunduma alisifika kwa kuunda helikopta. Watu wa namna hiyo hupata makofi mengi na vicheko vingi. Wanachokikosa ni mkaguzi.

Fundi wa Songea aliyepata kufunga mashine ya kusaga mahindi ajua jinsi injini inavyozivuta boliti zake kutwa nzima. Boliti ikikatika, mwenye mashine huizima akaenda dukani. Ndege angani haina saruji ya kusimamia wala duka. Injini yake hushikwa na fremu ya mabomba ya chuma yaliyoungwa kwa pembetatu, na fremu hiyo mara nyingi hufungwa kwa boliti nne tu kwenye bamba linalomkinga rubani na moto. Hapo hupita uzito wa injini, mvuto na msokoto wa pangaboi, na kishindo cha kutua. Ufa mwembamba kama unywele, palipochomelewa vibaya, watosha kuua.

Kisha kuna mizani. Kilo 100 zilizo mita 1 mbele ya kitovu cha uzito huhitaji kilo 50 zilizo mita 2 nyuma yake. Injini ya gari ni nzito. Pua ikizidi uzito ndege hukataa kuinuka, na mkia ukizidi huenda rubani asiweze kuitawala. Tena injini hiyo hutoa nguvu zake ikizunguka kwa kasi isiyolifaa pangaboi, hivyo yahitaji gia ya kupunguza mzunguko. Nayo gia ni uzito mwingine.

Mambo haya hayamshindi fundi. Ndugu Wright wa Marekani walikosa kiwanda cha kuwauzia injini nyepesi. Charles Taylor, fundi wa karakana yao ya baiskeli, akawaundia ya nguvu za farasi 12 hivi kwa muda wa wiki sita. Tarehe 17 Desemba 1903 iliwarusha kwa sekunde 12. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kupima, kuhesabu na kujaribu kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo twasema hivi. Kijana mwenye ndoto hiyo aanze kwa hesabu, amwonyeshe mchomeleaji mzoefu kila kiungo, aijaribu injini kwa saa nyingi ndege ikiwa imefungwa chini, kisha azikague boliti upya. Asiruke bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na wakubwa wenye elimu hiyo wamfikie karakanani mapema, fremu ikiwa bado mezani. Kwenda kumtazama baada ya ajali, kwa daftari na kalamu, si msaada.